Msichana wa Umeme Aliyebebeshwa Sambusa

Wajukuu zangu, na nyinyi wengine wote mnaosoma ufundi hapa Birmingham, leo nimekasirika na sitaki mtu anitulize.

Wiki iliyopita nilikwenda pale chuoni nilikopika miaka yote ile. Walikuwa na wiki yao, ile ya wanafunzi kuonyesha kazi zao na waajiri kuja kuwatembelea, nami nikaalikwa kama mstaafu. Nimefika mlangoni, navua koti, hata kukaa sijakaa, akaja binti kavaa fulana ya zambarau kabeba sinia la keki. Nikamwuliza, mama, jina lako nani? Akasema Hodan. Unasoma nini, Hodan? Uashi. Ukuta wako uko wapi? Akanyoosha kidole kule nyuma, karakana. Na nani amesimama kwenye huo ukuta saa hizi waajiri wanapopita? Akacheka, akasema hakuna mtu.

Nikalichukua lile sinia, nikaliweka juu ya kiti, nikamwambia nenda kasimame kwenye ukuta wako. Alikwenda, lakini alivyonitazama ungedhani mimi ndiye wa kuitiwa ambulansi.

Nilirudi nyumbani Alum Rock kwa miguu, na sikusikia hata baridi. Nilidhani mambo haya yalikwisha. Basi kaeni niwaeleze habari ya Neema, kwa sababu Neema nilimwona kwa macho yangu, na sitaki mtu aje kuniambia natia chumvi.

Lakini kwanza mjue nilikuwa nani pale. Shule mimi niliishia darasa la nne, Tanga. Kiingereza changu nimekiokota jikoni, na kwa hiyo kina harufu ya vitunguu. Niliingia kantini ya chuo kuosha masufuria, na aliyenitoa kwenye masufuria akanipa mwiko ni Doreen. Doreen alikuwa mwanamke wa Jamaika, mpishi mkuu, mrefu, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu aliye ng'ambo ya barabara. Siku ya kwanza aliyoniweka kwenye kaunta aliniambia, "Mwana" (jina langu Mwanaidi, yeye hakutaka kuhangaika nalo), "Mwana, usimpakulie mtu mpaka umjue jina. Usiyemjua jina utampakulia juu juu, hata kama hukukusudia."

Nikajaribu, nikaona ni kweli. Mtoto ukimwita jina mkono wenyewe unazama ndani ya sufuria, kule chini kwenye nyama. Tangu hapo nikawa nashika majina. Jordan hali njegere. Idris ana pumu, asikae karibu na mvuke. Wanjiru wa kusuka nywele, Mkenya, aliyekuwa ananiita Shosh, yaani bibi kwao, na kudai ngozi ya kuku kila Alhamisi. Watu hushangaa kwamba nawakumbuka. Mbona hawashangai kwamba fundi seremala anakumbuka misumari?

Na kupika, mkitaka kujua. Wali wa watu wengi haupikwi kwenye sufuria moja kubwa, nawaambia mapema kabla hamjaharibu arusi za watu. Chini utaungua, katikati utakuwa uji, juu utakuwa mchele. Gawa. Sufuria nyingi za wastani, na kitambaa safi chini ya kifuniko kinywe jasho. Koleo la nyama ya halali lifungwe utepe wa kijani, na asiliguse mtu kwa kingine chochote. Alikuja kibarua mmoja, Kevin, akalichukua kugeuzia nyama ya nguruwe. Doreen hakupiga kelele. Alilitupa koleo kwenye pipa, akazima moto, akamwambia Kevin atoke mbele ya foleni awaambie mwenyewe watoto kwa nini leo wengine watakula viazi vitupu. Kevin alitoka, masikio mekundu kama nyanya, akasema. Hakurudia, na baadaye alikuwa mtu mzuri sana.

Mimi nami niliwahi kuwaliza mafundi bomba. Mapishi ya ile nyama yenye maharage yalikuwa yamebandikwa ukutani, yanasema unga wa pilipili kijiko kimoja. Nikasema moyoni, pilipili ya Waingereza ni rangi tu. Nikaenda nikanunua pilipili mbuzi, nikatia kiasi cha nyumbani. Darasa zima la bomba lilitoka linakunywa maji ya mifereji waliyokuwa wanajifunzia. Doreen akaonja, akaonja tena, akauliza, "Nani hatimaye amejifunza kupika humu ndani?"

Siku hizi hakuna hayo. Chakula kinakuja kwenye maboksi kimeganda kama matofali, mpishi kazi yake kubonyeza, mtoto analipa kwa kidole na wala hamna haja ya kujua jina lake. Haya.

Sasa ile wiki. Kila mwaka ilikuja, na kila mwaka mimi na Doreen tuliichukia. Si kwa ajili ya kazi, kazi tuliizoea. Ni kwamba ukumbi wa kulia ulifungwa kwa ajili ya wageni. Meza zinavalishwa vitambaa vyeupe, wanafunzi wanaambiwa wale wamesimama kwenye korido, mkate mkononi. Wiki ya wanafunzi, wanafunzi wako koridoni! Waajiri wanakuja, wanakaa ukumbini na wakubwa wa chuo, wanakula, wanacheka, halafu wanapitishwa karakana mbio mbio kama watu wanaotafuta choo. Watoto kule wamesimama tangu asubuhi kando ya kazi zao, wamechana nywele, wamepiga pasi ovaroli. Mtu anapita, anasema vizuri sana, vizuri sana, kaondoka.

Na kule kupita kwao mbio mbio ndiko kulikokuwa riziki ya mtoto. Mnajua nyinyi. Unaweza kusoma darasani ukamaliza na karatasi yako, lakini bila mwajiri wa kukuchukua ukafanye kazi kwake, ufundi kamili hupati. Unabaki na karatasi, unakwenda kupanga maboksi kwenye ghala. Nimewaona wengi. Nimewakuta kwenye basi na majaketi ya ghala, wananiamkia, najua walisoma nini, nami naona haya kuuliza.

Neema alikuwa anasoma umeme wa majumbani. Mtoto wa Kikongo, wa huko Bukavu, walikuja hapa kama wakimbizi, yeye na mama yake na wadogo zake, wakapewa nyumba Newtown. Msichana pekee darasani kwake. Kila mwanafunzi alitengeneza ubao wake: swichi, soketi, taa, sanduku la fyuzi, na nyaya zinapita kati yake. Mwalimu wao, Graham, alikuwa mtu wa maneno machache, akija kunywa chai anasema habari ya mvua basi. Lakini ubao wa Neema aliwahi kuniita nikauone. Mimi sijui umeme. Niliona tu kwamba nyaya zake zimelala pamoja kama nywele za mtoto aliyesukwa na mama asiye na haraka.

Basi Jumatano ya wiki ile, mwaka wangu wa mwisho kabla sijastaafu, niko jikoni natoa sambusa kwenye mafuta, mara Neema anaingia. Fulana ya zambarau. Beji kifuani.

"Bibi, shikamoo. Nipe sinia ya pili, ile ya kwanza batu wamemaliza."

"Marahaba. Sinia la nini? Wewe si wa umeme?"

"Ni madame Fiona alinituma. Anasema miye niko na sura ya kukaribisha wageni."

Fiona ndiye aliyekuwa anapanga mambo yote ya wiki ile. Nikaweka chujio chini.

"Na ubao wako yuko nao nani?"

"Hakuna mutu, Bibi. Lakini uko pale. Wataona."

"Wataona nini? Ubao unasema? Ubao utawaambia jina lako?"

"Bibi, nilishindwa kukatala. Ni mutu mzima aliniomba."

Nikamwambia avue fulana arudi karakana. Akaangalia chini. Akasema hawezi kuacha wageni na sahani tupu, mama yake akisikia atakufa kwa aibu. Na akalichukua lile sinia, akatoka nalo, mgongo umenyooka, anatembea vizuri, anakaribisha vizuri, kila mtu anampenda. Mimi nabaki na mwiko mkononi naungua kuliko mafuta.

Nikamfuata Fiona. Nikamkuta ukumbini anapanga vikombe. Nikamwambia, "Fiona, yule mtoto amekuja kujifunza umeme au kugawa sambusa?"

Akanishika bega. Sipendi kushikwa bega. "Mwana, ana nuru. Ni mtu wa kumweka mbele. Wageni wanauliza habari zake."

"Wanauliza habari zake au za sambusa?"

"Nilimwomba, na akakubali. Sikumlazimisha. Niliuliza wanafunzi wengi, wengine wote walikataa, yeye akasema ndiyo kwa furaha."

Hapo nikajua kwamba Fiona hana ubaya, na hilo likanitia hasira zaidi, maana mtu mbaya unajua pa kumshika. Nikamwambia, "Sikiliza. Watoto wetu wakiombwa na mtu mzima hukubali kwanza, kufikiri baadaye. Hiyo si furaha, ni malezi. Wale wengine waliokataa wako wapi saa hizi?"

Akafikiri. "Kwenye karakana."

"Wanafanya nini?"

"Wanazungumza na waajiri."

"Basi," nikasema.

Akaahidi ataangalia. Mtu wa ofisini akikuambia ataangalia, na wewe angalia kwingine.

Jioni ile, tunaosha, nikamweleza Doreen. Akawa anasugua sinia. Kisha akasema, "Wageni wanafuata nini, Mwana?"

"Chakula."

"Basi chakula kesho kiko wapi?"

Alhamisi mchana tukapakia kila kitu kwenye toroli, sambusa, kuku, wali, saladi, mpaka chupa za chai, tukapita mlango wa ukumbi bila kugeuza shingo, tukaenda hadi karakana ya umeme. Graham akatuzuia mlangoni. "Chakula hakiingii humu, Doreen. Usalama."

"Hatuingii," Doreen akasema. "Tunakaa koridoni. Wanafunzi wako wamekaa koridoni wiki nzima, hakuna aliyekufa."

Graham akatutazama. Halafu akaifungua milango yote miwili ya karakana, akaitia kabari ili isijifunge, akaenda zake. Ndiyo hotuba yake hiyo.

Wageni wakaja, mnafikiri wangefanyaje? Wana njaa. Wakachukua sahani, na mtu mwenye sahani hasimami mahali pamoja, huzunguka. Wakazungukia karakana kwa macho kutokea mlangoni. Wanafunzi nao, kwa mara ya kwanza wiki ile, nikawapakulia, kila mmoja kwa jina lake, foleni moja na mabwana wenye tai.

Na Neema? Neema nimekwisha kumvua fulana, nimemsimamisha kwenye ubao wake. Nageuka hivi, yuko kando yangu, keshashika upawa!

"Neema!"

"Bibi, siwezi simama mikono mitupu na wewe uko unapakulia batu peke yako. Wewe ni mukubwa."

Nikamnyang'anya upawa. "Ukigusa sufuria yangu tena nitakupiga nao mbele ya waajiri wote. Rudi kule. Simama. Mikono mitupu."

Msicheke. Nyinyi mliozaliwa hapa hamjui uzito wake. Kumwambia mtoto aliyelelewa na mama kama yule akae, bibi ahudumie, ni kumvua nguo. Alisimama pale kwenye ubao anapindapinda vidole, macho yako kwangu kwenye sufuria.

Wakati huo Gurdeep amemaliza sambusa yake. Gurdeep alikuwa na kampuni ya umeme, magari meupe, na kila mwaka alichukua mwanafunzi mmoja. Akapangusa mikono, akaweka sahani, akaingia ndani. Akasimama mbele ya ubao wa Neema. Akainama. Akaugusa waya kwa ukucha. 

"Kazi ya nani hii?"

Neema akasema, "Mwalimu wetu anafundisha vizuri sana."

Nikapaza sauti kutoka koridoni, na upawa mkononi: "Hajauliza habari ya mwalimu!"

Gurdeep akageuka akaniona, akacheka. Neema akasema, kwa sauti ndogo, "Yangu."

Basi akaanza kumwuliza. Hii imepita hapa kwa nini, hii ukiigusa kitatokea nini, ungeanzia wapi kama nyumba ni kuukuu. Na yule mtoto akaeleza. Mwanzo kwa kunong'ona, baadaye mikono ikaingia, akawa anafungua sanduku, anamwonyesha, anambishia hata! Alimbishia mahali fulani, Gurdeep akakuna ndevu, akasema naam, hata hivyo inawezekana. Doreen akanikanyaga mguu kwa furaha.

Halafu Gurdeep akamtazama vizuri. "Lakini wewe si yule wa sambusa? Yule wa jana?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Nilidhani unasoma upishi." Akashusha pumzi. "Nafasi yangu nimeshaitoa jana. Nimempa Callum, yule pale. Laiti ningekuona."

Callum alikuwa ubao wa pili, kijana wa Shard End, mpole, anakula vyote, hachagui. Akawa mwekundu, akatazama buti zake. Hakuwa na kosa Callum. Alikuwa amesimama mahali pake tu.

Na Neema, mnajua alisema nini? Mtu amemwambia nafasi yake imekwenda kwa sababu alikuwa anambebea sambusa. Neema akasema, "Asante sana. Karibu sambusa ingine, ziko za viazi."

Wallahi nusura nidondoke.

Gurdeep akaaga, akaondoka kuelekea maegesho. Nikamwendea yule mtoto. "Unamkaribisha sambusa? Mtu kakunyima kazi, unamkaribisha sambusa!"

Machozi yakamlengalenga. "Ningefanya nini, Bibi?"

"Mfuate! Mwombe! Mwambie akujaribu!"

"Nimfuate baba mzima mpaka kwenye parkingi? Miye, binti? Batu wataniona. Mama atasema nini?"

Na hapo, nawaambia ukweli, nilimwelewa. Kwa akili ya Fiona hilo si jambo, nenda tu. Kwa akili yetu ni jambo. Nikamtazama Doreen, Doreen akachukua upawa wangu, akasema, "Nenda, mimi napakua."

Nikamwambia Neema, "Twende. Nitakusindikiza."

Tukaenda. Mvua inanyunya, mimi na aproni na kofia ya jikoni, yeye na ovaroli, tunakwenda haraka haraka baina ya magari, magoti yangu yanalalamika. Gurdeep alikuwa ameshaingia garini. Nikamgongea kioo, kisha nikasogea pembeni, nikageuza uso, kama anavyofanya mtu aliyesindikiza posa. Masikio lakini sikuyageuza.

Neema akamwambia, "Nimesikia nafasi ilikuwa moja. Nakuomba unijaribu. Wiki moja. Nikishindwa nitaondoka mwenyewe."

Wipa zinakwenda.

"Jumatatu tunaanza nyumba za zamani Shard End," Gurdeep akasema. "Kubadilisha nyaya zote. Asubuhi, giza bado. Vumbi, kupanda darini, kulala chini ya sakafu. Mafundi wangu wanaume tupu, na midomo yao michafu."

"Nitakuja."

Akawa anamtazama, naona anataka kumpima. Akasema, huku anatabasamu, "Na chai nani atawapikia?"

Nilijua jibu. Mtoto yule wa watu, mwenye adabu zake, angesema mimi, nitapika. Nikafungua mdomo nimjibie. Nikaufunga.

Neema akasema, "Kwani mafundi wako hawana mikono?"

Gurdeep akacheka mpaka akapiga honi kwa kiwiko. Akamwambia, Jumatatu, njoo na buti.

Wiki ile moja ikawa miaka. Amefuzu, ana gari lake lenye ngazi juu, na Callum bado anafanya naye kazi, wanataniana kama ndugu.

Sasa kuna watu nikiwasimulia wananiambia, Bibi, hasira ya nini, si alipata? Mama Neema mwenyewe aliniambia hivyo, kanisani kwao walimshukuru Mungu. Nami namshukuru. Lakini nawauliza nyinyi. Callum alipata kazi kwa kusimama karibu na kazi yake. Neema, mwenye ubao ule, alipata kwa kukimbia mvuani kumgongea mtu kioo, na bibi kizee wa jikoni akimsindikiza ili asionekane hana adabu. Je, kama siku ile magoti yangu yangegoma? Kama gari lingekuwa limeshatoka?

Kwa hiyo wiki hiyo ikija chuoni kwenu, na mtu mwenye tabasamu zuri akakujia na fulana ya rangi, mwamkie vizuri, mwite mama au baba, kisha mwambie hapana. Akisema wageni watahudumiwa na nani, mwonyeshe meza ilipo. Wana mikono.